Sufuria Ndogo ya Bi Chujio

Mama mkwe wangu ana wivu. Nalisema mwanzoni kabisa ili mtu asije akadai nimemsengenya. Mwenyewe anajua, na ukimgusia atakuuliza kama wewe huna. Wanawake wengine huona wivu waume zao wakiangaliwa na wanawake. Yeye, mtu akimpa mumewe kikombe cha chai tu, nyumba haikaliki.

Mtaani wanamwita Bi Chujio. Jina alilipata kwa sababu ya ugonjwa wa Baba mkwe, ambao aliushika mpaka ukawa wake kuliko wa mgonjwa. Baba ni fundi wa makochi. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba hii, chenye mlango wa barabarani, na makochi yaliyovuliwa nguo yamejipanga mpaka ukumbini. Kazi yenyewe ni ya kuinama. Unainama kung'oa misumari, unainama kuvuta kitambaa, unainama kukaza mikanda, na kila alipoinama maji makali yalimpanda kutoka tumboni yakamchoma koo. Mafundi wenzake hushika misumari kwa midomo. Yeye aliiacha tabia hiyo siku kiungulia kilipomshtua na msumari nusura ushuke usikotakiwa. Tangu hapo alifunga sumaku mkononi, misumari akaibandika hapo.

Kulala nako kulikuwa kazi. Akilala chali, asidi hupanda. Basi alikata sponji nene kwa mteremko, akalivisha kitambaa kizuri kama kochi la mteja, akalitandika upande wake wa kitanda. Upande wa Mama ulibaki tambarare. Mimi ndiye ninayefagia chumba chao Mama akiugua mgongo, na kile kitanda sikuwahi kukizoea: huku kilima, huku bonde.

Lakini Mama hakulalamikia kitanda. Yeye alikuwa na sufuria. Ni ndogo, mpini wake umekatika na kufungwa waya, na ilikaa peke yake rafu ya juu ambayo mimi siifikii bila kigoda. Humo alimpikia Baba chakula chake: bila pilipili, bila nyanya, bila ndimu, bila mafuta ya maana. Maharage aliyaponda akayachuja, supu akaichuja, uji akauchuja mara ya pili kwa sababu ya kwanza haikumridhisha. Sisi wengine tulikula cha sufuria kubwa, chenye ladha ya binadamu, lakini tulikila jikoni, mlango umefungwa, Mama mwenyewe akiwa amesimama kando ya sinki na sahani mkononi. Baba alikula peke yake mezani ukumbini. Nilipoolewa nilidhani ni mila ya ukoo. Baadaye mume wangu akaniambia kwamba Mama hataki harufu ya vitunguu imfikie Baba, asije akatamani asichoruhusiwa.

Ni jambo la huruma, sikatai. Ila lilikuwa pia boma. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Siku moja mteja mmoja, mama wa watu mwenye gari, alikuja kuangalia kochi lake akamletea Baba glasi ya juisi ya machungwa. Mama alitoka jikoni sijui alinusaje, akaichukua glasi mkononi mwa mumewe, akainywa yote palepale, akamrudishia yule mama glasi na kumshukuru sana. Kochi lilimalizwa na likachukuliwa na dereva.

Adui mkubwa, lakini, alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa Baba. Shangazi ni mpishi wa shughuli. Harusi, kikao, mahafali, ukiona masufuria yanayoingia mtu mzima, jua yuko karibu na mwiko wake. Hana mkono mwepesi katika pilipili. Kila akija kwetu hufunua ile sufuria ndogo, hutazama ndani, halafu hufunika taratibu kama mtu aliyefunika maiti. Alikuwa akisema mdogo wake hakuugua kwa chakula cha dada yake, ila anazeeka kwa chakula cha wengine. Mama alikuwa akijibu kwamba damu nzito kuliko maji, ni kweli, lakini uji ndio uliomweka hai.

Basi dawa zikaanza kushindwa. Vidonge vilivyokuwa vikimtuliza Baba vikawa kama pipi. Sauti ilimkauka, kikohozi hakikwisha, na fundi aliyeinamia kochi lililo wazi akikohoa ni hasara kwa kitambaa. Mama aliongeza kuchuja. Shangazi yeye aliongeza maswali, mpaka akasikia habari za mtu aliyefanyiwa upasuaji wa matundu madogo kwa tatizo hilohilo na sasa anakula kama kawaida. Akangoja mpaka Mama alipokwenda kumwuguza dada yake, akamchukua Baba hospitali.

Mama aliporudi, Baba alikuwa ameshapigwa kipimo cha kamera na kupangiwa siku. Alimweleza kwa makini. Pale umio, njia ya kushukia chakula, unapoingia tumboni pana mlango, na wake umelegea, haufungi tena, ndiyo maana asidi inapanda. Daktari atapitisha vifaa vyembamba na kamera kwenye vitundu vidogo, atachukua sehemu ya juu ya tumbo na kuizungushia umio, halafu ataishona, mlango ukaze. Baba alilielewa kwa lugha yake: ni kama kukunja kitambaa kuzunguka mguu wa kochi uliolegea. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Sisi tulitegemea ataogopa kisu. Aliuliza swali moja tu.

"Ulikwenda na nani?"

Upasuaji ulifanyika, na ulikwenda vizuri. Daktari aliyemfanyia ni binti mdogo wa umbo, sauti ya chini, viatu vya raba. Alitoka kutuambia kwamba kila kitu kimeshonwa mahali pake, akamshika Mama mkono. Mama alimshukuru kwa adabu zote. Kwenye benchi, daktari alipoondoka, ndipo aliponong'ona nami, na mpaka leo sijui nicheke au nilie.

"Miaka yote namlisha, hata siku moja sijaliona tumbo lake kwa ndani. Huyu kaliona asubuhi moja tu."

Baba alirudi nyumbani na vialama vidogo tumboni, kila kimoja kama kovu la tetekuwanga. Wageni walikuja kuvitazama. Walikuwa wakitarajia mshono wa kutisha, na walipoviona wengine walionekana kama waliopunjwa. Baba alipandisha shati kwa kila aliyeuliza, mpaka kwa muuza magazeti. Kiungulia kilikuwa kimekwisha. Aliinama kuokota uzi sakafuni, akainuka, akashika koo kwa mazoea, akakuta hamna kinachochoma. Nilimwona akiinama tena makusudi. Mama pia alimwona, akaingia jikoni.

Hapo ndipo wivu ulipopata nyama. Kabla ya hapo, kila jambo la mwili wake Baba alikuwa akimwuliza mkewe: je, hiki nile, je, hiki nisile. Sasa ikawa daktari kasema. Daktari kasema wiki za mwanzo vitu vya maji tu. Daktari kasema halafu vilainishwe. Daktari kasema mkate na nyama visubiri mpaka atakaponiona tena, maana ndani bado pamevimba na chakula kigumu kitakwama. Daktari kasema nisijitapishe kwa vyovyote. Hakuna hata neno moja hapo ambalo Mama hakuwa akilifanya tangu zamani. Alichuja vilevile, kwa chujio lilelile, ila jirani akipita dirishani anamsifu kwamba anafuata vizuri maagizo ya hospitali. Nikamwona mama mkwe wangu akilitazama chujio lake kama kitu cha kuazima.

Kisha Shangazi akaja. Alikaa kwenye kochi la mteja, miguu ameinyoosha, akatangaza mbele yetu sote.

"Siku daktari akikuruhusu nyama, mdogo wangu, chakula cha kwanza ni changu. Umeshakula uji wa kutosha dunia hii."

Baba akacheka. Si kicheko cha kumridhisha mgeni. Alicheka mpaka akashika vile vialama kwa maumivu, macho yakamlowa, akasema anaota ile nyama yake ya kukaanga tangu hajaota ndevu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la supu iliyochujwa. Kile kicheko, miaka yote ya uji, yeye hakuwahi kukipata. Aliliweka bakuli mezani, akarudi jikoni, na siku ile hakusema na mtu tena isipokuwa mkaa.

Kuanzia hapo alinifanya mlinzi. Nikitoka dukani ananiuliza kama nimemwona wifi yake. Nikisema ndiyo, ananiuliza alikuwa amebeba nini. Nikisema sikutazama, ananiambia macho niliyopewa ni ya mapambo. Na Shangazi naye hakusaidia. Alipita mlangoni kusema ameshaongea na mchinjaji, amwekee kipande cha paja, na viungo ameshavisaga. Bado wiki ya kumwona daktari haijafika. Mama alimsikiliza akiwa anaosha sufuria kubwa, akaiosha mpaka ikalia.

Asubuhi iliyofuata alinituma sabuni dukani, na sabuni ilikuwepo nyumbani. Niliporudi nikaikuta nyumba ina harufu ambayo sikuwahi kuinusa mchana kweupe: vitunguu, kitunguu saumu, nyama inayokaangwa, na mlango wa jikoni uko wazi wote. Mkaza mwana hutakiwa awe na macho mafupi, lakini macho hayana pazia. Nilisimama kwenye korido na mche wangu wa sabuni.

Mama alitoka na sahani moja kubwa. Nyama juu, mkate wa boflo pembeni. Aliiweka mezani ukumbini mbele ya Baba, akavuta kiti, akaketi. Akamega mkate, akachovya kwenye rojo, akaanza kula. Baba aliitazama sahani, akamtazama mkewe. Aliangalia muda mrefu. Halafu akanawa mkono kwenye bakuli la maji, naye akamega.

Wakawa wanakula. Nilipaswa kusema kitu, na ningesema, mdomo wangu unajulikana, lakini walikuwa wakizungumza. Walizungumzia kochi la kijani la mwalimu, kama miguu yake ibadilishwe au ipakwe rangi tu. Mama akasema ibadilishwe. Baba akasema mwalimu hatakubali. Mama akasema mwalimu ana mke, amwulize mkewe. Walicheka wote wawili, na mimi nikaona aibu kuwa pale, nikageuka.

Niligeuzwa na ukimya. Baba alikuwa ameweka kiganja kifuani, shingo ameinyoosha. Akachukua maji, akanywa funda moja, likarudi. Hata mate hayakushuka, akawa anayatema kwenye bakuli la kunawia. Mama akaruka, akaanza kumpiga mgongoni huku akimwambia atapike, atapike tu, kitoke. Nikapiga kelele kwamba daktari alikataza kutapika, nyuzi zitakatika. Nilipomtaja daktari, Mama aliutoa mkono wake mgongoni mwa Baba kama aliyeungua. Nikaita teksi.

Shangazi alitukuta hospitalini, sijui nani aliyempigia simu. Nasikia ni mwenye teksi, ambaye binti yake alipikiwa harusi. Baba alikaa kitandani ameinamia beseni. Yule daktari mdogo alikuja na raba zake, akamtazama, akamwuliza amekula nini.

"Nyama na mkate," Baba alisema, sauti ya kukwaruza. "Nilijilia mwenyewe. Mke wangu hakuwepo."

Daktari aliuliza nyama aliipata wapi ikiwa yuko nyumbani na mkewe hayupo. Baba akarudi kwenye beseni lake. Alikuwa mwongo mbaya, hana mazoezi. Ndipo Shangazi akakohoa kidogo, akajisogeza mbele, akasema kama ni nyama basi huenda ni yake, alimwonjesha kidogo. Mimi namjua Shangazi. Nusu alisema ili kumsitiri wifi yake. Nusu nyingine ilikuwa raha ya kuambiwa mbele ya wataalamu kwamba mdogo wake alishindwa kuingoja nyama yake.

Mama alikuwa amesitiriwa na mume na wifi kwa mpigo. Mtu mwingine angeinamisha kichwa na kumshukuru Mungu.

"Nyama yake iko wapi?" alisema. "Ya kwake bado iko kwa mchinjaji. Hii ni yangu. Mimi ndiye niliyempa, kwa mkono wangu, ya kwanza."

Nesi aliacha alichokuwa akifanya. Daktari hakupandisha sauti. Alimwambia Mama kwamba kovu dogo linadanganya, mwenye kovu usidhani kapoa, na kwamba mumewe angejikaza kutapika kwa nguvu, mshono ungeachia na kazi yote ingeanza upya kwa mwili usio tayari. Mama alijibu ndiyo. Akaulizwa kama ameelewa. Akajibu ndiyo. Baba akasukumwa ndani wakaisukume nyama kwa kamera, na mlango ukafungwa.

Tukabaki watatu kwenye benchi, mimi katikati kama mto wa kochi.  Halafu Shangazi akauliza, bila ugomvi, kwa nini wifi yake alifanya vile, yeye ambaye hata punje ya pilipili angeifukuza na fagio.

"Ulisema cha kwanza ni chako," Mama alisema.

"Wifi, ilikuwa maneno tu."

"Alicheka."

 Shangazi aliitazama mikono yake yenye makovu ya moto. Mama alilia kidogo, akijifuta kwa upindo wa khanga, akiwa amegeukia ukutani. Mimi nilikuwa nimemkasirikia sana, na nilikuwa nimejiandalia maneno yangu kuyatoa tukifika nyumbani. Nikayaacha hapohapo kwenye benchi.

Daktari alitoka na habari njema: kilichokwama kimeshuka, nyuzi ziko salama, lakini tunaanza tena uji, na safari hii hakuna ujanja. Tuliruhusiwa kuingia. Baba alikuwa amelala ameinuliwa mgongo, amechoka, midomo mikavu. Mama alisimama miguuni pa kitanda. Hakwenda karibu.

"Mimi nilikuwa na wazimu wangu," alimwambia. "Wewe ulijua hujaruhusiwa. Kwa nini ulikula?"

Baba alifikiri. Si mtu wa maneno mengi, na koo lilikuwa likimuuma.

"Uliketi," alisema.

Mama hakuelewa. 

"Tangu niugue hujawahi kula mbele yangu. Nakula peke yangu kama mfungwa, nakusikia ukicheka na watoto nyuma ya mlango. Leo ukavuta kiti, ukaketi. Ningekuambia nini? Ningekuambia subiri wiki ijayo?"

Kumbe naye, mzee wa watu, alikuwa na wivu wake. Miaka yote alikuwa akituonea wivu sisi wa jikoni, tuliosimama na sahani mikononi. Mama alikwenda akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mguu juu ya shuka. Aibu ilimjaa uso, na furaha pia, vyote kwa pamoja, mpaka hakujua autazamishe wapi. Na kwa sababu mtu haachi asili yake, nilimwona akigeuza kichwa kidogo kuhakikisha kwamba Shangazi amesikia.

Kesho yake niliingia jikoni nikakuta sufuria ndogo iko rafuni, kavu. Ile kubwa ndiyo iliyokuwa motoni, imejaa uji, na Mama anauchuja. Wote. Mlango ulikuwa wazi. Tulikula mezani ukumbini, nyumba nzima, uji laini usio na hata chembe ya kutafuna, mume wangu akinitazama kwa macho ya mtu aliyekosewa. Tukala hivyo mpaka siku ya daktari. Sufuria ndogo nimeshaiomba mara kadhaa nichemshie maziwa ya mtoto wangu. Naambiwa si ya mtoto.

Daktari aliporuhusu, Baba alilitoa lile sponji la mteremko kitandani, akalikatakata kujazia viti vya wateja, na sumaku akaitundika ukutani. Siku hiyohiyo Shangazi alileta nyama yake. Alikuwa ameikata vipande vidogo vya kitoto na pilipili hakutia hata moja, jambo ambalo nadhani lilimuuma kuliko kujifungua. Aliiweka mezani. Mama, aliyekuwa ameshakaa ubavuni mwa Baba, alichukua kipande cha kwanza akakitafuna polepole, sote tukimngoja.

"Chumvi imezidi," alisema, akamwekea mumewe kipande cha pili.

Shangazi, kama kawaida ya wapishi, hali katika shughuli aliyoipika. Alikuwa ameshajifunga khanga tayari kuondoka, amesimama karibu na mlango wa karakana akimtazama mdogo wake akitafuna na kumeza, akitafuna na kumeza, bila kushika koo. Mama alimwona. Akavuta kiti kingine kwa mguu.

"Keti ule, wifi," alisema, akamwonyesha kwa kidole ng'ambo ya meza. "Lakini upande ule."